Kibao Kilichompotosha Mjumbe

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni



Juma lililopita, nilipokwisha kusoma mazungumzo haya, nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Majengo. Aliuliza swali fupi: kama neno la siri analijua mtu mmoja tu, na siri imetoka, je, mwizi si huyo huyo? Anasumbuliwa na jambo la kikundi chake cha kuweka na kukopa, na jambo hilo si langu kulieleza hapa. Lakini swali lenyewe lilinikaa kooni, kwa kuwa mwaka 2013 mimi mwenyewe nililijibu vibaya, mbele za watu, na aliyeumia alikuwa kijana asiye na hatia.

Hapa Shirimatunda tuna chama chetu cha kuzikana na kusaidiana. Baadhi ya wanachama wanaishi Dar es Salaam, wengine Arusha na Mwanza, wawili wako ng'ambo. Ndiyo maana kijana mmoja wa mtaani, aliyesomea kompyuta, alipotushauri tuwe na tovuti, tulikubali. Ukurasa wa mbele ulikuwa na matangazo ya misiba na mikutano. Nyuma yake palikuwa na sehemu iliyofungwa, ambamo mlikuwa na daftari la michango: nani amelipa, nani anadaiwa, nani alikopa kwa matibabu na hajarudisha. Neno la siri tulilijua watu wawili: kijana, kwa kuwa ndiye fundi, na mimi, kwa kuwa ndimi katibu.

Asubuhi moja tukaukuta ukurasa wa mbele umekuwa mweusi, una maandishi ya kujigamba ya mtu tusiyemjua, na chini yake orodha yote ya wadaiwa imeanikwa kama kahawa juani. Kulikuwa na mama auzaye ndizi ambaye alikopa kumtibu mumewe na hakutaka hata dada yake ajue. Kufika saa nne dada yake alikwisha kujua, na soko zima pamoja naye.

Kikao kikaitwa jioni hiyo hiyo. Hesabu ilikuwa rahisi. Wenye ufunguo ni wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu mwenye mvi, mwingine ni kijana anayeshinda kwenye kompyuta. Hakuna aliyetamka neno mwizi. Walisema tu "vijana wa siku hizi", na sote twajua maneno hayo hubeba nini. Nilipoulizwa kama nina la kusema, nikasema mimi sikumpa mtu yeyote neno la siri. Ilikuwa kweli, na ilitosha kumzamisha mwenzangu. Kijana akasimama, akasema, "Shikamooni wazee. Na mimi sikumpa mtu." Akaketi. Akavuliwa kazi kabla chai haijapoa.

Yapata majuma matatu baadaye, kampuni iliyotupangisha nafasi kwenye mashine yake ilijibu barua za kijana yule. Aliendelea kuwaandikia ingawa sisi tulikwisha kumfukuza. Jina la kampuni halitusaidii kitu leo. Walimtumia kurasa za daftari la seva, yaani kumbukumbu ambamo mashine huandika kila ombi lililofika, saa yake na mahali lilipotoka. Akaniletea nyumbani, akaziweka mezani, akasema, "Mwalimu, naomba usome huu mstari." Nikausoma mara tatu. Sikuelewa kitu. Ikabidi anieleze tangu mwanzo, na haya nitakayosema ni maelezo yake, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe baadaye kwa aibu.

Tuanze na nyumba. Tovuti haielei hewani. Hukaa ndani ya kompyuta fulani iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Chama kidogo kama chetu hakina fedha za kununua seva yake, kwa hiyo hupanga chumba katika seva ya mwingine. Katika mashine moja yaweza kukaa tovuti mia, na hata zaidi. Ni zile nyumba za vyumba tunazozijua sote: ukumbi mmoja, bomba moja, uani pamoja, na kila mpangaji na kufuli lake. Wa chumba cha tatu hawezi kuingia chumba cha tano.

Hata hivyo yuko mmoja anayeingia kote. Nyumba hii ina mjumbe, ambaye ni programu ya seva yenyewe. Wewe ukiwa Mwanza ukiomba ukurasa wa chama chetu, ni mjumbe anayekwenda chumbani kwetu, anayeuchukua na kukuletea. Jirani yetu akiombwa, ni mjumbe huyo huyo. Ili aweze kufanya kazi hiyo, ni lazima awe na ruhusa ya kusoma katika kila chumba. Katika seva nyingi za bei nafuu za miaka ile, mjumbe huyo mmoja ndiye pia aliyeendesha skripti za wapangaji wote, kwa jina lake mwenyewe, kana kwamba zote ni mali ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Katika kompyuta za ukoo wa Unix, na Linux ikiwa miongoni mwao, kuna kitu ambacho mafundi hukiita simlinki. Ni faili dogo mno. Ndani yake hamna picha wala barua, mna maneno machache ya kusema, "Unachokitafuta kiko kule." Mimi nitakiita kibao, kwa sababu ndivyo kilivyo. Umepata kufika kwenye duka la dawa ukalikuta limefungwa, na mlangoni pamebandikwa kibao, "Tumehamia mtaa wa nyuma"? Huulizi, unageuka na kuelekea mtaa wa nyuma. Programu nayo ikifungua faili na kukuta ni kibao, haisimami. Hufuata kibao mpaka mwisho wake, na mara nyingi haijui hata kwamba imehamishwa.

Kibao hiki si kitu kibaya. Kilienea tangu mwaka 1983, kilipotolewa katika toleo la 4.2 la Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mafundi hawajaweza kuishi bila hicho tangu hapo. Diski ikijaa, folda nzima huhamishiwa diski nyingine na mahali pake huachwa kibao. Programu zote zinaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiwa na matoleo mawili ya programu moja, kibao ndicho husema lipi litumike leo. Kazi ambayo ingechukua siku nzima ya kusahihisha majina hukamilika kwa mstari mmoja.

Lakini kibao kina tabia moja ambayo ndiyo mzizi wa habari yetu. Kukiweka hakuhitaji ruhusa ya mwenye mahali kinapoelekeza. Mimi naweza leo kubandika mlangoni pangu kibao kinachosema ofisi yangu iko katika chumba cha mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa hataulizwa. Kibao hakinipi ufunguo wa chumba chake, na ndiyo sababu wengi walidhani hakina madhara. Madhara huanza anapopita mtu mwenye ufunguo, akakisoma, akakitii.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Mpangaji mwenzetu katika mashine ile alikuwa na tovuti ya matangazo ya biashara ambayo mwenyewe alikwisha kuisahau, na programu iliyoiendesha haikuwa imesahihishwa kwa muda mrefu. Mvamizi akaingia kwa kupitia tundu la huko. Sasa akawa ndani ya chumba kimoja kisicho na cha kuiba, na mlango wetu hakuweza kuufungua. Basi akabandika humo kibao alichokiita picha.txt, na kibao hicho kikaelekeza kwenye faili letu la mipangilio. Kisha akatoka nje, akarudi mlangoni kama mgeni yeyote, akamwambia mjumbe, "Naomba picha.txt ya chumba cha tatu." Mjumbe akaenda chumba cha tatu, akakuta kibao, akakifuata hadi chumbani kwetu, akafungua kwa ufunguo wake halali, akachukua alichokikuta na kumkabidhi mgeni. Huo ndio mstari niliokuwa nimewekewa mezani: ombi la picha.txt, saa nane na dakika za usiku, katika tovuti ya jirani ambayo mimi sikuwahi kuisikia.

Huenda ukauliza faili la mipangilio ni nini. Tovuti iliyoandikwa kwa skripti huhitaji kuongea na kanzidata, yaani ghala inamowekwa orodha zote, na kwa hiyo jina na neno la siri la ghala hiyo huandikwa katika faili moja. Kwa kawaida mgeni akiliomba faili hilo haoni kitu, kwa sababu seva hulitekeleza badala ya kulionyesha. Lakini kibao cha mvamizi kilikuwa na jina linaloishia kama maandishi ya kawaida. Seva ikatazama jina, ikaona ni maandishi, ikayatoa yote kama yalivyo, pamoja na neno letu la siri. Hakuna kufuli lililovunjwa wala ufunguo ulioibwa. Mimi na kijana tulikuwa tumelala.

Lugha ambayo tovuti yetu ilikuwa imeandikwa ni PHP. Ni lugha ya skripti aliyoianzisha Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ambaye mwaka 1994 alitaka kujua tu ni watu wangapi wanausoma wasifu wake wa kazi. Mwaka uliofuata aliitoa kwa umma, nayo ikaenea dunia nzima, kwa kuwa ni nyepesi kujifunza na mwenye kupangisha seva huiweka mara moja kwa wapangaji wote. Wepesi huo ndio ulioleta wapangaji wengi katika nyumba moja, na watengenezaji wa PHP walilazimika kutafuta namna ya kuwatenganisha.

Wakaweka mlinzi. Katika mipangilio ya PHP kuna sharti liitwalo open_basedir, ambalo humwambia kila mpangaji: skripti zako zitafungua mafaili yaliyo ndani ya folda yako tu. Kila skripti inapotaka kufungua faili, mlinzi hutazama kwanza njia inayoelekea huko. Njia ikiwa imetoka nje ya mipaka, hukataa. Ikiwa sawa, huruhusu, na faili hufunguliwa.

Ninyi wakulima wa kahawa mtaliona tatizo upesi kuliko mafundi wengi. Mkaguzi wa chama cha msingi hutia mkono guniani, hutazama punje, huridhika, huandika risiti. Kisha gunia huondoka mezani kwenda ghalani. Kama kati ya meza na ghala pana kichochoro chenye giza, kitakachoingia ghalani si lazima kiwe kile kilichokaguliwa. Mkaguzi hakukosea, punje alizoziona zilikuwa safi kabisa. Kosa liko katika kichochoro.

Mwezi wa Oktoba 2006 mtafiti wa Ujerumani, Stefan Esser, alitangaza kwamba mlinzi wa PHP ana kichochoro cha namna hiyo. Kati ya kukagua njia na kulifungua faili kuna mwanya wa muda, mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika mwanya huo skripti ya pili ya mpangaji yule yule yaweza kubadilisha kibao: mlinzi alipotazama, kibao kilielekeza nyumbani, faili lilipofunguliwa, kilielekeza kwa jirani. Utasema nani awezaye kuotea mwanya mdogo kiasi hicho. Binadamu hawezi, lakini mashine haichoki. Hujaribu mara elfu, ikikosa zote isipokuwa moja, imepata. Kasoro hiyo ilihusu PHP 5.1.6 na matoleo yaliyoitangulia. Ushauri wa Esser ulikuwa mkavu: anayetegemea sharti hilo azime kabisa uwezo wa skripti kuunda vibao.

Napenda ukavu wake. Wengi wetu tungemwambia mlinzi afumbue macho zaidi. Kumbe hata mlinzi mwenye macho kumi angeona njia ile ile safi, kwa kuwa alipoitazama ilikuwa safi kweli. Watengenezaji wa PHP wenyewe walikwisha kuandika katika mwongozo wao, kuhusu mlinzi mwingine aliyeitwa safe_mode, kwamba si sahihi kimuundo kujaribu kutatua tatizo la seva ya pamoja ndani ya PHP. Machi 2012 toleo la 5.4 lilipotoka, safe_mode iliondolewa moja kwa moja. Waliokuwa wakiitegemea walinung'unika sana.

Kuna sura ya pili ya ugonjwa huu, nayo haihusu kusoma bali kuandika. Ndani ya kila mashine ya Linux kuna folda ya muda, iitwayo tmp, ambayo ni uwanja wa wote. Programu yoyote yaweza kuweka humo vitu vyake vya kupita, kama wapangaji wanavyoacha ndoo zao uani. Sasa PHP ina stoo ya vipande vya programu iitwayo PEAR, yenye chombo chake cha kuvipakua na kuvisimika, na anayekitumia mara nyingi ni msimamizi mkuu wa mashine, mwenye mamlaka yote. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba chombo hicho, katika matoleo yaliyotangulia 1.9.2, kiliandika mafaili yake kwenye folda za muda kwa majina ambayo mtu aliweza kuyajua mapema. Mtumiaji mdogo asiye na cheo angetangulia, akaweka kibao chenye jina hilo hilo, kikaelekeza kwenye faili muhimu la mashine. Msimamizi akija kusimika kipande chake, chombo kinaandika, kibao kinafuatwa, na faili muhimu linafunikwa kwa takataka. Mkono ulioharibu ni wa msimamizi mwenyewe.

Dawa ya kwanza, ya toleo la 1.9.2, haikutosha. Wakati inatazama kama pana kibao, mwanya ule wa kichochoro ulibaki pale pale, ikabidi kasoro isajiliwe upya kwa namba nyingine na kutibiwa tena.

Dawa iliyo kamili ni kukifuta kichochoro, yaani kukagua na kufungua viwe tendo moja. Programu iuambie mfumo: tengeneza faili jipya la jina hili, na kama jina lipo tayari, hata likiwa kibao, kataa. Tena jina lenyewe liwe la kubahatisha, lisilotabirika. Mfumo wa Linux una uwezo huo wa kukataa kwa tendo moja. Mwandishi wa programu ndiye anayetakiwa kuuomba, na waandishi husahau, sawa na watu wengine.

Kwa kuwa husahau, walikuwapo waliotaka Linux yenyewe ikatae vibao vya hatari bila kungoja kuombwa. Pendekezo hilo lilijadiliwa tangu mwaka 1996. Likarudi 1997, likarudi 2005, likarudi 2010, na kila mara walikuwapo waliosema litavunja taratibu za zamani, au kwamba kosa ni la mwandishi wa programu na atubu yeye. Hatimaye liliingia katika Linux 3.6, Septemba 2012. Kanuni yake ni fupi: katika uwanja wa wote kama tmp, kibao kifuatwe tu ikiwa anayekifuata ndiye aliyekiweka, au aliyekiweka ndiye mwenye uwanja. Kibao cha mgeni hakifuatwi. Miaka 16 ilipita kwa kanuni ambayo mjumbe wa nyumba kumi angeitunga baada ya kisa kimoja, ingawa nakubali kwamba yeye hana programu za dunia nzima za kuogopa kuzivunja.

Kanuni hiyo, hata hivyo, hulinda uwanja wa wote. Hailindi chumba cha jirani kama kile ambamo kibao chetu kilibandikwa. Huko dawa ni nyingine. Seva ya Apache, ambayo ndiyo iliyokuwa mjumbe wetu, yaweza kuamriwa ifuate kibao pale tu ambapo mwenye kibao na mwenye faili linaloelekezwa ni mtu mmoja. Inasaidia. Lakini mwongozo wa Apache unasema wazi kwamba sharti hilo lisihesabiwe kuwa ulinzi, kwa kuwa nalo lina kichochoro chake kati ya kutazama na kufungua. Dawa ya kweli ni kumwondolea mjumbe ufunguo wa vyumba vyote. Skripti za kila mpangaji ziendeshwe kwa jina la mpangaji huyo, na faili la mipangilio lisomwe na mwenyewe peke yake. Hapo kibao kinaweza kubandikwa hata mia. Anayekifuata atafika mlangoni na kukuta hana ufunguo.

Jambo hili si la vyama vya kuzikana pekee. Januari 2012, mtu wa Indonesia aliyejiita Direxer alizichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja, zikiwamo za wizara kadhaa na ya polisi. Sisemi kibao ndicho kilichotumika huko. Nataka uitazame idadi. Ukisikia tovuti nyingi zimeanguka kwa pamoja, usimfikirie mtu anayezunguka na nyundo mlango hadi mlango. Fikiria ukumbi, bomba na mjumbe.

Tulipata fundisho letu kabla ya sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, nayo humtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila kibali. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na hiyo inatugusa sisi tunaoweka madaftari: anayekusanya habari za watu anapaswa kuzilinda. Katibu wa chama cha leo hawezi kusema, kama nilivyosema mimi, kwamba neno la siri sikumpa mtu, akaketi.

Msikilizaji mwenye tovuti atataka kujua aulize nini kwa anayempangisha. Muulize kwanza skripti zako zinaendeshwa kwa jina la nani. Akijibu kwamba wapangaji wote wanatumia jina moja, tafuta nyumba nyingine, hata kama hii ni rahisi kwa nusu ya bei. Sisi tulichagua nyumba ya bei rahisi. Kijana alitaka ile ya bei ya juu kidogo, na nina kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wangu mwenyewe, zikionyesha kwamba mimi ndiye niliyepinga. Muulize pia daftari la seva hutunzwa kwa siku ngapi, maana kwa wengine hufutwa baada ya siku chache, na likifutwa hakuna wa kukutetea. Na daftari la wadaiwa, je, lina haja gani kukaa kwenye tovuti? Letu sasa liko ndani ya sanduku la chuma. Wa ng'ambo wakitaka kujua wanapiga simu.

Kijana aliponimalizia maelezo yake, mimi nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwomba radhi, nikamwambia tutaitisha kikao arudishiwe kazi. Akasema, "Mwalimu, kazi sitaki. Naomba kumbukumbu za kile kikao zirekebishwe, kwa sababu zimeandikwa na wajukuu zenu watazisoma." Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya chama na kusoma aya niliyoiandika, inayosema ni nani aliyeingia, aliingilia wapi, na kwamba tulimhukumu mtu bila kuuliza mashine. Mama wa ndizi alikuwapo. Aliuliza kama mjumbe wa seva aliadhibiwa, watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Wazee wakatia sahihi. Kijana aliisoma aya mara mbili, akarudisha daftari mezani, akaondoka. Tovuti ya chama sasa inatunzwa na mwingine.

Mama wa Majengo, umeniambia kikao chenu ni Jumamosi, saa tisa. Barua ya kuomba daftari la seva haichukui dakika kumi kuiandika, na iandikwe leo, wala si baada ya kikao. Kijana yule siku hizi ana ofisi yake mjini, nimezungumza naye, na amekubali kukusaidia kuisoma watakapoileta. Namba yake nitakupa nje ya redio.